Nani Atamkanda Agripina

Husby, Stockholm, Novemba 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mjukuu wako anaota meno na hatulali.

Jumamosi nilisimama tena na wenzangu wa kanisani kusali nje ya kliniki wanakotoa mimba. Akaja Agripina, binti wa Bukoba, peke yake. Nikamsalimu tu. Akasema, "Dada, nikizaa huku nani atanikanda maji ya moto? Wewe?"

Nikakumbuka nilivyojikanda mwenyewe huku nalia. Hilo sikukuandikia.

"Ndiyo, mimi. Na uji nitakupikia."

"Basi uji wenyewe usiwe mwepesi kama maji," akasema, akacheka kidogo. Hakuingia. Tukarudi pamoja kwa treni.

Atajifungua Aprili, na ahadi yangu siivunji. Nifundishe, Mama: maji yawe moto kiasi gani, na unaanzia wapi, mgongoni au tumboni?

Mwanao,
Dafrosa