Fulana Namba Saba Ilivaliwa na Wawili

Mama Lukresia, mshauri wetu wa gazetini,

Nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama utaniona mzee wa ovyo, maana nina miaka arobaini na saba, nafundisha wanaosomea ualimu katika chuo kimoja upande huu wa Bunda, na kwenye timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu kazi yangu ni kuandika pointi tu, kwa sababu siku niliyojaribu kuwaonyesha namna ya kurusha nilivunja kioo cha ofisi, na kwa hali ya nchi ilivyo kioo kingine hakijapatikana, tumeziba kwa kadibodi. Wasichana wawili ninaokuandikia habari zao nitawaita Boke na Dorotea, ingawa siyo majina yao.

Mama, shida ya nguo mwaka huu unaijua. Tulikuwa na fulana kumi kwa wachezaji kumi, mpaka mimi kwa akili zangu nikaikata moja iliyochanika kwapani ili tupate vitambaa vya kufutia ubao, zikabaki tisa, na tulipokwenda Musoma kwenye mashindano ya vyuo vya kanda ikabidi Boke na Dorotea wavae namba saba kwa zamu, Boke kipindi cha kwanza, Dorotea cha pili, wenzao wanawazungushia kanga wanabadilishana, inatoka kwa huyu imelowa inaingia kwa yule, na mwamuzi hakusema neno kwa kuwa kulikuwa na timu iliyocheza pekupeku. Mimi kwenye fomu naandika saba, saba, saba. Penye orodha ya majina palikuwa na mstari mmoja kwa kila namba, nikaandika Boke, kwa vile jina lake linatangulia kwa alfabeti, nikajiona mtu wa utaratibu.

Sasa ile kamati inayochagua wachezaji bora wa vyuo kitaifa haikuja kutazama mchezo hata mmoja, petroli waitoe wapi, walikaa na fomu zetu wakasoma. Wakaona namba saba ana pointi sabini na moja, hakuna msichana wa kanda aliyemkaribia. Jina la Boke likasomwa redioni kwamba ataingia kambini Dar es Salaam na timu ya vyuo, atapewa cheti na jozi ya raba mpya, na chuo kikalipuka kwa vigelegele, hata mimi nilijaribu kimoja kikatoka kama jogoo mwenye mafua. Dorotea ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbeba mwenzake mabegani, nikaona basi hana kinyongo.

Wiki iliyofuata nikakutana na yule mwamuzi pale Bweri, Musoma, tumuite Clementi, akanishika bega akicheka, "We mwalimu! Ile saba yako ilikuwaga na miguu minne. Wamechagua miwili ipi?" Nikacheka naye, nikafika nyumbani nikaacha kucheka, nikatoa nakala ya fomu nikahesabu kipindi kwa kipindi. Boke ana ishirini na mbili. Dorotea ana arobaini na tisa. Na msichana wa mwisho kuchaguliwa kutoka kanda yetu alikuwa na arobaini na nne. Yaani aliyestahili kwenda ni Dorotea, naye yuko mwaka wa mwisho, ndiyo anamaliza, wakati Boke ni wa mwaka wa kwanza.

Nikampelekea mkuu wa chuo hesabu hiyo. Akavua miwani. "Mwalimu, heshima imeingia kwa mlango wa mbele, wewe unataka kuitoa kwa dirisha? Ukiandika barua watawafuta wote wawili, na sisi tutaitwa chuo cha udanganyifu. Nyamaza." Kabla sijajua la kufanya, baba yake Boke akanialika kwake Buhemba, amechinja mbuzi, ananijazia sahani anasema, "Kula, mwalimu, kula! Si wewe ndiye uliyemuandika mwanangu?" Nikala, Mama. Nikaongezewa, nikala tena. Na juzi mazoezini Boke mwenyewe akanisogelea akaniuliza, "Mwalimu, kule kambini kila mtu anapewaga fulana yake?" Nikamwambia ndiyo, huko zipo za kutosha, akaondoka.

Safari ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikisema, namvunja mtoto mmoja na pengine wote wawili. Nikinyamaza, sijui nitamtazamaje yule mwingine siku ya mahafali. Nifanyeje?

Mwandika Pointi, Bunda

*

Mwalimu wangu,

Jibu hili nimempa Isidori, katekista wa huko kwenu, akuletee mkononi. Gazetini litatoka ukishamaliza kazi, kwa hiyo usijifanye hukuliona.

Kwanza pole. Mtu mwingine angeichoma ile nakala akalala usingizi wake. Wewe umehesabu, na umenitajia hata idadi inayokuumbua. Hukuiba kitu. Ulikuwa mzembe, kama sisi wengine, tena mzembe mwenye mwandiko mzuri, na hao ndio hatari. Lakini kosa ulilokuwa hulijui lilikuwa bahati mbaya. Hili unalolijua tangu siku ile ya Bweri lina jina lingine, na kila siku unayokaa kimya linazidi kukomaa.

Mbuzi mwache. Umeshamla, harudi zizini.

Mkuu wako anaogopa, na mtu mwenye chuo ana haki ya kuogopa. Ila fomu ile ina sahihi yako, haina yake.

Kuhusu Boke, mwalimu, una masikio? Msichana amekuuliza kama kila mtu atapewa fulana yake, ukamjibu habari za nguo! Anajua. Anaogopa siku atakayocheza vipindi vyote viwili mbele ya watu waliosikia kwamba ana pointi sabini na moja. Alikuwa anakuomba umtoe humo, ukamrudisha ndani. Unadhani ukisema utamvunja. Mimi naona utamtua mzigo, ingawa atalia, na umwache alie.

Sasa sikiliza. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniletea maneno ya mwamuzi, ya mkuu, ya baba, ya Boke. La Dorotea hakuna hata moja. Hukumuuliza! Binti amefunga pointi arobaini na tisa kwa nusu ya kila mchezo, anamaliza chuo, amesikia jasho lake linatangazwa kwa jina la mwenzake, na wewe kwa sababu alimbeba mabegani ukaamua hana kinyongo. Kumbeba rafiki ni adabu yake. Siyo ruhusa aliyokupa wewe ya kunyamaza.

Kwa hiyo leo jioni zungumza na Dorotea peke yake, kisha na wote wawili pamoja. Usiseme "kuna kosa limetokea." Sema "nimekosa." Kesho andika barua kwa kamati, weka na nakala ya fomu, pointi za kipindi cha kwanza mbali na za cha pili, Clementi atie sahihi kwamba aliwaona wakipokezana. Andika wazi kwamba wasichana hawakudanganya mtu, jina ulilijaza wewe. Omba Dorotea aingie kambini, na kama kamati ina shaka iwaite wote wawili iwatazame, goli moja na mpira mmoja vinatosha. Usiipeleke posta. Panda gari mwenyewe mpaka ofisi ya michezo Musoma, ukae hapo benchini mpaka wapige simu Dar es Salaam. Mkuu utamwonyesha barua kabla hujaondoka. Kumwonyesha, nimesema, siyo kumwomba.

Jumapili hii, kabla ya safari, nenda Buhemba. Baba yake Boke asisikie kwa redio. Mwambie binti yake bado ana mwaka mwingine na mkono mzuri, aliyekosea ni mwalimu wake, halafu nyamaza akuseme mpaka achoke. Atakusema sana. Stahimili.

Kamati inaweza kukataa, hilo siwezi kukuficha. Wanaweza kusema orodha imefungwa, na Dorotea akabaki. Hata hivyo atakuwa amebaki huku watu wanajua alichokifanya, na hiyo siyo sawa na kubaki kama mtu ambaye hakuwahi kucheza.

Ukimaliza kusoma hapa, mtume matroni akamwite Dorotea. Akiingia, simama wewe, umpe kiti.

Mama Lukresia