Vigingi Alivyong'oa Bibi Yako

Mjukuu wangu Namsifu,

Bibi yako alikufa Jumanne. Tumemzika hapa Chome. Wengine wazima.

Uliandika mnachora ramani ya bahari, samaki wanazaliana wapi, watu wanapata riziki wapi. Ukauliza sisi tuligawaje maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Mimi ujanani nilipima mteremko tu, nikapiga vigingi vya mifereji. Bibi yako, msichana wa bondeni, akaving'oa.

"Umepima ardhi, kaka. Sisi wa chini tunalima nini, umetuuliza?"

Nikaona aibu. Nikauliza nyumba kwa nyumba, nikapiga upya. Mifereji ile ipo mpaka leo.

Wewe unawauliza wavuvi kwanza, na kina mama wanaovua pweza. Nilimsomea bibi yako barua yako hapo, akacheka: "Huyo wangu." Nikamwambia: "Ni wetu sote."

Kesho narudi kazini, kwenye mifereji.

Babu yako