Koti ya Joram Ndani ya Tenti

Jumanne, 22/4/2025

Tumefika. Kilima iko juu ya Sondu, pikipiki imetuacha chini, tumepanda na miguu, mizigo kwa kichwa. Mimi, Dorca jirani yangu wa Migosi, Mzee Wakhisi wa kutuonyesha mawe, na shemeji Joram, ndugu ya marehemu bwana yangu, amejileta. Tenti ni mbili — wanawake moja, wanaume moja. Mvua imeanza kabla tumalize kupiga vigingi. Mzee anasema ni vizuri, mvua ikiosha udongo ndio mawe ya kioo inatokea juu, wewe unaokota tu. Sawa. Lakini kuni imelowa na ugali haikuiva, imekuwa uji. Dorca anasema kama angetaka uji angebaki kwake.

Sylvia wa kutengeneza mikufu huko town anataka ile jiwe safi kabisa, unaishika unaona vidole yako upande ile ingine. Hiyo ndio imenileta. Si kitu ingine.

Jumatano, 23/4

Tangu asubuhi na mtaimbo. Mikono imetoka malengelenge — mimi, wa kubeba simiti kila siku. Nimepata mawe tatu. Moja iko na ufa. Mbili ni nyeupe kama maziwa, huwezi ona kitu.

Radi imepasua mti hapo karibu tu. Dorca akaanza kufunga nguo zake. Nikamwambia usiniache hapa na shemeji. Akasema, "Joram hawezi kukumeza. Mimi radi inaweza." Ameshuka.

Basi niko peke yangu kwa tenti. Joram ameona. Jioni amekuja ameuliza kama anaweza weka koti yake kwangu, eti tenti yao inavuja. Nimesema hapana.

"Mama Sydney, si ni koti tu."

Koti tu. Anajua mimi najua. Kwetu mwanaume wa boma akitundika koti kwa nyumba ya mjane, amemrithi. Hata kama hajalala hapo. Imeisha. Tangu Baba Sydney azikwe wananisukumia huyu, na ako na bibi wawili tayari. Nimekataa mbele ya wazee. Nimekataa mbele ya pasta. Sasa nakataa hata juu ya mlima. Mtu apumzike wapi?

Alhamisi, 24/4

Leo nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilikuwa kwa shimo tangu asubuhi, matope mpaka magoti, hakuna kitu. Nimerudi kutafuta maji ya kunywa. Nafungua tenti — koti ya Joram inaning'inia kwa ile mti ya katikati. Inadondoka maji kwa blanketi yangu.

Na si Joram ameweka. Ni Mzee Wakhisi! Ameikuta chini kwa mvua, akaonea koti huruma. "Mama, ilikuwa inaharibika. Nikasema nikutundikie mahali kavu." Amefurahi kama mtu amefanya kazi ya Mungu. Yeye ni wa Bungoma, angejua namna gani?

Joram alikuwa amekaa kwa jiwe anacheka pole pole. Koti haikuanguka kwa mvua yenyewe, hiyo najua.

"Imeingia," akasema. "Na shahidi si mtu wa boma, hawezi kusemwa amenunuliwa."

Nikamwambia tenti si nyumba.

"Unalala ndani?"

Nikakamua blanketi yangu.

"Iko na mlango? Basi, Mama Sydney, unataka niitafutie mabati?"

Nilipomweleza Mzee, alishika kichwa. "Kwetu koti ni koti, mama. Nisamehe." Huyo siwezi kumkasirikia. Nimetoa hiyo koti nikaitupa kwa mtaro, maji imeenda nayo huko chini. Joram hata hakusimama. Akasema hata nikiichoma, ilishaingia, akifika nyumbani atawaambia. Na watamwamini. Wanangoja tu kuambiwa.

Mawe sikutafuta tena.

Ijumaa, 25/4

Mvua ya mawe tangu saa sita. Ndio mawe tumepata.

Tenti yao imepasuka. Mto umefunika njia, hatuwezi kushuka. Mzee Wakhisi nimemwingiza kwangu, ni kama baba. Joram ako nje na shati. Nimefunga zipu, nimeishika na mkono moja, na ingine naandika.

Nimemwambia, sema mbele ya Mzee kwamba koti ilikuwa koti na hii ni turubai, halafu ingia. Maneno mbili tu.

"Siwezi kusema uongo kwa mvua," amesema.

"Bwana Joram," Mzee amemwambia, "sema uongo, uishi."

Hataki. Nimechungulia. Midomo imekuwa rangi ya jivu. Hajaenda chini ya miti, hajaenda kwa mwamba kujificha. Ameketi kwa matope hapo mlangoni kabisa, amenipa mgongo, kama mwenye boma anachunga ng'ombe yake. Akifa hapo watasema nimemuua. Akiingia watasema nimemkubali.

Mzee ananiangalia.

Nimefungua zipu kidogo nikamrushia blanketi yangu.

Amejifunga nayo mpaka kichwa. Amegeuka, anatabasamu, meno inagongana.

Mzee ameuliza pole pole, "Na blanketi, mama — kwenu inamaanisha nini?"

Nimevuta zipu mpaka chini. Huko nje Joram anacheka.