Saa Aliyoifunga Ouma

Uingereza,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako Mama yangu mpendwa, hapo Dunga,

Kabla sijakusalimu, kaa chini kwanza. Umezaa rubani ambaye dunia hii haijapata kumwona. Nimeruka juu ya mawingu, chini ya mawingu na katikati ya mawingu, macho yamefunikwa kama kuku anayepelekwa sokoni, na sijagusa hata tawi la mti. Yule tai wa hapo ufuoni anayejiringa juu ya mashua za watu, mwambie aanze kutafuta kazi nyingine. Mwenye anga amepatikana.

Haya, sasa nakusalimu kwa heshima zote. Umeamkaje, mgongo umeamkaje, na lile goti lako linalojua mvua kabla ya redio linasema nini siku hizi? Mimi ni mzima, mashavu yamejaa viazi. Nakuandikia kwa Kiswahili kile kile ulichonilea nacho, maana sijui ni mwaka wa ngapi tangu Baba akutoe kwenu Maragoli, na Kijaluo chako bado ni cha kupimia omena tu. Wakwe zako wakikucheka, cheka nao.

Huenda Mama Ouma amekwisha kufika kwako kutoka Port Victoria, na kikapu chake cha samaki wakavu na machozi yake. Ouma atakuwa amemwandikia kwamba amesimamishwa kazi yake ya ufundi wa ndege hapa shuleni, na mwisho wa mwezi huu Kapteni anayenifundisha kuruka ataamua kama atafukuzwa arudi nyumbani. Habari hiyo ni ya kweli. Nitakueleza yote, lakini niache niende kwa mpango, kwa sababu wewe ukianzia katikati unauliza maswali mpaka barua inachakaa.

Unakumbuka watu walivyosema nilipotoka uwanja wa ndege wa Kisumu, ambako kazi yangu ilikuwa kuosha matope kwenye magurudumu. Kijana wa form two, hesabu zinamruka kama panzi, atarusha nini huyo? Yule mzungu wa ndege za kunyunyizia miwa dawa peke yake ndiye aliyeona kitu, akanileta. Leseni ya kuruka mchana wa jua nilipata, na picha nilikutumia, ile niliyoshika kiuno. Iliyobaki ni ya kuruka bila kuona nje, ndani ya ukungu na mvua na mawingu. Nikiikosa hiyo, hakuna atakayenipa abiria, nami nitarudi kwenye ndoo yangu na matambara.

Mafunzo yake ni haya. Unavalishwa kofia yenye ukingo mrefu uliokunjwa chini, huoni dirisha, unaona saa tu mbele yako. Sisi tunaziita saa kwa kuwa ni za duara na zina mishale, lakini hazikuambii wakati. Moja inasema mwendo, nyingine inasema mko juu kiasi gani, nyingine mnaelekea wapi. Ile kubwa ina mstari kama ukingo wa ziwa ukitazama mbali: mstari ukilala, ndege imelala ubavu, ukinyooka, mko sawa. Kapteni wetu, mzee wa ndevu nyekundu na kikohozi, ana wimbo mmoja.

"Odhiambo, mwili wako ni nini?"

"Mwongo, Kapteni."

"Na saa?"

"Mkweli, Kapteni."

"Mwili ukikuambia mnaanguka kuume, na saa inasema mko sawa?"

"Nauambia mwili unyamaze."

"Kwenu mnasemaje, nyamaza?"

"Ling'."

"Basi uambie hivyo, uelewe vizuri."

Tangu siku ile tunapita juu ya mashamba ya kondoo, mzungu mzima ananong'ona ling', ling', kama anabembeleza mtoto wa Nyakach. Ungemsikia ungeangusha ungo.

Lakini nikwambie, Mama, chini ya kofia ile ndipo nyumbani kunanijia zaidi kuliko mahali pengine popote. Nikifunikwa tu macho, niko kwenye mashua ya Baba. Unakumbuka alivyonifunga ile leso yako ya maua mekundu usoni, wewe ukipiga kelele kwamba ni mpya? Alinikalisha mbele, akapiga makasia huku na huku mpaka kichwa kikazunguka, halafu akauliza, "Haya bwana mkubwa, tuko wapi?" Nikikosea, kofi la kisogo. Nikabaki nasikiliza. Upepo ukiwa kwenye shavu la kushoto, tunaelekea mjini. Maji yakipiga ubao polepole, tumeingia kwenye mafunjo. Ikija harufu ya moshi na mafuta ya kuungua, hapo ni jikoni kwako, kwa maana mafuta hayaungui hivyo kwa mama mwingine yeyote Dunga nzima. Usinune, ndiyo harufu ninayoitafuta huku kila asubuhi nikifungua dirisha, na siipati. Huku hewa haina kitu, kama maji yaliyochemshwa.

Na ile asubuhi ya ukungu, watu wakipiga masufuria ufuoni ili mashua zisikie njia, sisi tulitia nanga kimya kabla hawajatuona. Mzee aliwaambia, "Mtu wa ziwa haangalii, anasikia." Alitembea siku hiyo kama mtu aliyenunua meli.

Ouma naye huwa ananikumbusha nyumbani. Ule mkebe wa omena uliotutumia tuliupika wawili siku ya Jumamosi. Mama mwenye nyumba alifungua madirisha yote, akafungua na mlango, akasimama nje kwenye baridi na koti lake. Ouma akamwendea na sahani, taratibu, unavyomjua, akamwomba msamaha kwa kila samaki mmoja mmoja. Yule mama alionja kwa heshima tu. Wiki iliyofuata akauliza kama zimebaki. Ouma ni mtu wa hivyo. Akifunga skrubu moja anaifuta, anaitazama, anaifuta tena. Mimi humwambia, "Wewe ukioa, bibi atazeeka akingoja umalize kufunga kitanda." Anasema, "Na wewe kitanda chako kitaanguka na wageni juu yake."

Sasa tufike kwenye mtihani. Ni wiki tatu zimepita. Asubuhi ile Ouma alikuwa ameitoa ile saa kubwa, akaisafisha, akairudisha, akatia sahihi kwenye kitabu cha mafundi kwamba ni nzima. Tukapanda, mimi na Kapteni, na safari hii hapakuwa na kofia. Palikuwa na wingu lenyewe, jeupe, zito, hata ncha ya bawa sikuiona. Nilienda vizuri sana. Nilipinda alipotaka, nikapanda alipotaka. Akainamisha kichwa aandike maksi zangu, na nadhani zilikuwa nzuri, kwa maana hakukohoa.

Alipoinua kichwa tulikuwa tumelala ubavu, injini inalia, tunashuka. Alininyang'anya usukani. Tulitoka chini ya wingu nikaona kondoo mahali ambapo anga lilipaswa kuwa. Akatunyoosha. Tukaja kutua kwenye nyasi, akazima injini.

Akaniuliza, "Nini kilitokea?"

Nikamwambia, "Saa ilikwama, Kapteni."

Mafundi wengine wakaifungua, hawakuona kitu. Lakini wazee wa hapa wanasema saa kama hiyo inaweza kukwama kwenye baridi kisha ikajiachia yenyewe, na fundi asiye makini ndiye anayesababisha. Kitabu kina sahihi ya Ouma. Basi yeye akasimamishwa, na mimi nikapewa mtihani mwingine bure, kwa kuwa kosa halikuwa langu.

Jana nilimkuta akifuta spana zake na kuzipanga ndani ya sanduku. Hakuwa na hasira.

"Ndugu yangu," akasema, "hebu nikumbushe. Mstari ulikwamia upande gani?"

"Kuume."

"Nimeifungua mara tatu kichwani. Sioni nilipokosea. Nataka tu kujua, ili huko nikienda nisirudie."

Nikamwambia aache kufikiri sana, nikatoka, nikajifanya naenda kununua stempu.

Nisalimie Baba, umwambie makasia asimwachie mtu yeyote mpaka nirudi. Nisalimie shangazi Akinyi aliyenilipia nauli ya basi mpaka Nairobi na bado ananiita mwizi wa mandazi. Nisalimie mdogo wangu Ochieng, simba yangu, ile nyumba yangu ya ujana, alale humo lakini redio yangu asiifungue ndani. Katekista naye umwambie nimeketi kanisani leo mpaka mwisho, asishangae sana.

Na Mama Ouma, huyu sijui nimsalimieje. Nimeandika mistari yake mara mbili nikaichana. Mwanamke anakuletea samaki miaka yote hiyo, ulipougua alikaa kwako wiki nzima akikuchemshia maji, na sasa analia mkekani kwako, nawe unampa pole, hujui pole hiyo inatoka nyumba ya nani.

Mama, mstari ulilala kuume, nikauona. Shavu langu likaniambia tuko sawa kabisa, tuko nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku nilikuwa na furaha. Nikaliamini. Nilidhani saa ndiyo imechanganyikiwa, nikaenda nilikosikia. Sehemu hii usimsomee Baba kwanza, asije akafikiri alinifundisha vibaya. Kwa ziwa alinifundisha sawasawa.

Barua hii nikishaitia kwenye sanduku la posta kesho asubuhi, natoka pale moja kwa moja hadi kwa Kapteni. Nimeanza na wewe kwa sababu yeye naweza kumgeuzia maneno nikifika mlangoni, lakini wewe nikishakuambia siwezi kuyarudisha. Akiniondoa, utaniona uwanjani Kisumu na ndoo yangu, na ucheke uwezavyo. Ila Mama Ouma akiwa hapo karibu nawe, msomee haya machache yaliyobaki, polepole, asikie yote.

Saa haikukwama. Mwanao aliifunga vizuri. Mimi niliogopa, nikasema uongo, na yeye ndiye anayefungasha sanduku.

Ni mimi mwanao,
Odhiambo