Foamu Laini Chini ya Nguzo

Chole, Kisarawe
3 Juni 2024

Mwanangu Holo,

Salamu nyingi. Sisi wazima na ng'ombe wazima, ila kifua cha mama yako bado kinasumbua. Wewe na ujenzi wenu huko Kibaha mnaendeleaje?

Chumba cha kupoozea maziwa kimekwisha. Mabamba ya foamu ngumu uliyotutumia tumeyapanga chini ya sakafu ulivyoelekeza, ubaridi usiishie ardhini. Na ile foamu laini iliyoyafunga hatukuitupa. Kitu cha mwanangu nitakitupaje? Nilimwambia kaka yako Shija aipange chini ya nguzo ya kati inayobeba paa na tangi la maji juu yake, maana ndiyo yenye mzigo mkubwa, nayo ipate godoro. Jumamosi tarehe 15 tunajaza tangi. Wafugaji wote watakuja.

Baba yako, Limbu

Misugusugu, Kibaha
6 Juni 2024

Baba, shikamoo. Mpe Mama pole.

Nimesoma barua yako, nakujibu papo hapo. Foamu ngumu inabeba sakafu kwa sababu zege linautawanya mzigo. Ile laini ni ya kufungia tu, hata kidole kinaibonyeza. Tena chini ya nguzo sikutaka foamu yoyote. Tangi likijaa nguzo itazama, na paa litawaangukia watu. Msijaze, Baba. Nijibu upesi.

Binti yako, Holo

Misugusugu, Kibaha
11 Juni 2024

Baba, shikamoo tena.

Kimya chako kinanitisha. Simu haishiki, na dereva wa basi anaapa barua alikukabidhi mkononi. Najua umeshaalika watu. Niite mjuaji, nikasirikie mwaka mzima, ila usijaze. Ruhusa nimenyimwa mpaka Jumatatu. Usingizi siupati.

Binti yako, Holo

Chole, Kisarawe
16 Juni 2024

Holo mwanangu, hujambo? Kifua changu kina nafuu. Usishtuke kuona mwandiko wangu, baba yako ana malengelenge mikononi.

Barua zako alikaa nazo mfukoni bila kutuambia. Aliudhika sana. Jana watu wamejaa chumbani, Shija kashika mpira wa maji, baba yako akamwambia asubiri. Akawatoa wote nje, akampa mwenyekiti wa wafugaji azisome barua zako kwa sauti, hata pale pa kidole. Watu walicheka. Abednego, mfugaji mwenzake, akauliza tangu lini binti wa mtu anasimamisha kazi ya wazee.

Baba yako akamjibu, "Huyu ndiye fundi wangu. Ninyi mmekuja kula."

Wakalishusha tangi, wakaegemeza paa kwa magogo, akaanza kuibomoa nguzo mwenyewe. Chini yake foamu ilikuwa imebonyea, na sakafu imeshapasuka. Amesema hajengi tena mpaka uje usimamie. Njoo kesho.

Mama yako