Kumbukumbu ya Kompyuta Iko Kwenye Pochi Yangu

Wanangu, na wewe baba yao,

Kompyuta msiiwashe. Hata mkibonyeza mpaka kidole kiote sugu haitawaka, kumbukumbu yake nimeondoka nayo kwenye pochi.

Asubuhi niliifungua nikaifuta vumbi, maana jioni tunamwona mtoto wa dada yenu kwa video kwa mara ya kwanza, na sikutaka mashine ianze kukohoa katikati. Kuiwasha, feni inazunguka, kioo giza, inalia pi-pi-pi. Kitindamimba akasema, "Mama, umeiogesha mpaka imezirai!" Hilo lilinichekesha. Lakini wewe mzee, uliposema "Basi, tutamwona kwenye simu," liliniuma. Simu yenyewe kioo kimepasuka, na majirani nimeshawaalika!

Nikampigia fundi. Akasema ikilia hivyo huenda kumbukumbu imelegea, kile kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. Nikakichomoa, nikasugua meno kwa raba ya kufutia penseli, nikakirudisha mpaka kikasema ka! Bado inalia. Sasa nampelekea ili akijaribu kwenye mashine nyingine. Kikiwa kibovu, ataniazima chake.

~~Waambieni majirani wasije.~~ Waambieni waje na viti.

Skrubu zimo kwenye kikombe cha bluu, asinywee mtu. Chai iko kwenye chupa.

Mjukuu wangu hataanza kuuona ukoo wake kupitia ufa.

~~Mama yenu~~
Bibi wa mtoto