Magamba ya Ikaga

Papa mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Meksiko. Mgongo wako umetulia? Maman amepona kikohozi? Mimi ni mzima wa mwili, lakini nakuandikia nikiwa na haya tupu.

Mwalimu wangu wa kuchora ni mama mzee wa huku. Huchora wanyama wa kijijini kwao pamoja na watu wake: chui anacheza ngoma na wazee, na mnyama mdogo wa magamba amelala jikoni kwa nyanya yake. Anasema asipowachora, wajukuu watasahau wao ni nani. Akaniambia nami nichore mnyama wa kwetu.

Sikufikiri mara mbili. Nilichora ikaga, kakakuona wetu, anapanda nguzo ya nyumba, kichwa juu. Nikaandika chini kwamba sisi Warega tulijifunza kuezeka kwa kutazama magamba yake. Mwalimu akafurahi, akaitundika picha hiyo katikati ya maonyesho ya darasa letu. Kichwa kikanivimba. Nikapiga foto, nikakutumia kwa njia ya tonton, mjomba wangu wa Bukavu.

Jumamosi wageni wakaomba niwaonyeshe tunavyoezeka. Nikainua mikono kama zamani kule Mwenga, nilipokuwa nakupa majani ukiwa juu ya paa. Nikakumbuka sauti yako: "Anzia chini, mutoto. Ya juu iko inafunika ya chini, maji inateremuka." Nikageuka niwaonyeshe magamba kwenye picha. Papa, nilikuwa nimeyachora ncha zote zinatazama juu. Nyumba ya namna hiyo mvua yote inaingia ndani.

Mikono ikabaki hewani. Wageni wakapiga makofi, na makofi hayo ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Huku hakuna wa kunicheka. Ni ninyi tu mtakaoona, na labda foto imekwisha kufika Bukavu. Nakuomba usimwonyeshe baba mkubwa. Atauliza aliyechora ni mtoto wa nani, na wewe utalazimika kujibu.

Nilimwambia mwalimu ukweli. Akaniletea ngazi nishushe picha. Kesho nakwangua magamba yote na kuyachora upya. Nitaanzia mkiani.

Nisalimie maman katika jiko lake la paa la majani, na dada yangu aliyeolewa Nyantende. Baba mkubwa pia msalimie sana, lakini foto ibaki sandukuni.

Mwanao aliyekuwa anakupa majani,
Wasso